Wosia Uliomzika Bibi Harusi

Namba ya mwaka sina, lakini nakumbuka tulichokula. Ulikuwa mwaka wa tambi. Mvua ilikuwa imenyesha mpaka barabara ya kusini ikakatika, muhogo haufiki Tandika, na kila duka limejaa tambi za paketi kutoka nje, nyeupe, nyembamba kama nywele za kizee. Tukazipika kwa nazi, tukazipika kwa sukari, tukazipika kwa maharage. Jirani yangu mmoja alizipika kwa dagaa na akatukaribisha bila haya. Na harusini ndiyo ulikuwa mwaka wa kuku wa kisasa, yule mweupe anayelelewa kwa taa ya umeme, maji yakichemka tu ameshaachana na mifupa yake. Wazee wenzangu walimsema sana kuku yule. Mie nilimla. Kitu kikiletwa mbele yangu nakila kwanza, maneno baadaye.

Naanza na chakula kwa kuwa shughuli yangu ilikuwa harusini. Mie nilikuwa mtoa wosia. Zamani, binti akiolewa, kabla hajatolewa ndani, wanawake wanajaa chumbani, mwali amekaa mkekani kafunikwa kanga mpya, na anaitwa bibi mmoja anayejua kusema. Huyo anamwambia mwali maneno ambayo mama mzazi anaona haya kuyasema na shangazi atayasema kwa ukali. Temeke yote, ukiuliza nani anatoa wosia, unaletwa kwangu. Shule yangu ni ngumbaru tu, nasoma herufi kubwa nikipewa muda, lakini mdomo sikuusomea popote. Kila mwali nilimpa wosia wake. Kwanza naulizia: jina lake la nani, bibi yake alikuwa mtu gani, yeye mwenyewe mvivu au mchapakazi, mkali au mpole. Kisha ndiyo nasema. Hakuna mwali aliyepewa maneno ya mwenzake.

Halafu likaja soko huria, likaleta mitumba, likaleta tambi, likaleta na kicheni pati. Mwali akatolewa chumbani akapelekwa ukumbini, viti vya plastiki, maua ya karatasi, na mwanamke mwenye maikrofoni anayelipwa kupiga kelele. Wosia nao wakautaka kwenye karatasi, usomwe kwa maikrofoni, kisha utiwe fremu bibi harusi akautundike sebuleni kwake kama picha. Wenzangu wakasema haya ni makufuru. Mie nikasema sawa, kama mnataka kwenye karatasi nitawapa kwenye karatasi, na hakuna atakayeniambia nimezeeka.

Karatasi zilikuwa kazi ya mjukuu wangu. Ni binti wa mwanangu wa kwanza, na mie nilimwita mke mwenzangu, maana babu yake alikuwa hamalizi chai bila kumwulizia. Alimaliza kidato cha nne, majibu yakaja mabaya, baba yake akataka kumwoza. Mie nikamtia shule ya kompyuta Kariakoo, akarudi akapata kiti kwenye duka moja hapo sokoni Tandika. Lilikuwa duka la kupiga chapa, la mzee mmoja mtu wa bara, mstaarabu, Mkristo wa kanisani kila Jumapili. Mashine ilifunikwa kitambaa cha kufuma kama tulivyokuwa tunafunika redio. Wasichana wengine pale walichapa. Mjukuu wangu aliiagiza. Aliandika maagizo, mistari mifupi mifupi isiyosomeka, alama tupu na mikwaju, halafu anabonyeza kitufe kimoja, na mashine inafanya kazi yenyewe yeye kakaa anakula karanga.

Alianza na kadi za mialiko. Watu walileta majina ya waalikwa, kadi ni ile ile, jina tu linabadilika. Aliiambia mashine: tafuta jina lililoko hapa, toa, weka hili. Mwanzoni zilitoka na vituko. Juu ya kadi limeandikwa jina la mwalikwa, chini, pale pa kukata na kurudisha, limebaki jina la mtu mwingine. Mzee wa duka akanuna. Mjukuu wangu akakaa na kitabu chake, akaongeza herufi moja tu mwisho wa ule mstari. Akaniambia hiyo herufi maana yake ni kila mahali: usibadilishe la kwanza ukaridhika, endelea mpaka mwisho wa karatasi. Tangu hapo kadi zikatoka safi, na duka likajaa.

Siku nilipomwoza mjukuu wa shoga yangu ndipo wosia ulipoingia kwenye mashine. Nasema nilipomwoza mie, kwa kuwa shoga yangu alikuwa ameshakufa na mie ndiye niliyesimama badala yake. Yule mtoto alirithi jina la bibi yake. Sie watu wa pwani ndivyo tulivyo, jina la bibi halipotei, anapewa mjukuu wa kwanza wa kike. Nyumbani mtoto yule mama yake hakuweza kumwita jina lake hata siku moja, maana ni jina la mkwewe, utamwitaje mkweo jina kavu kavu ukimtuma chumvi? Alimwita Bibi tangu ananyonya. Shoga yangu alipokuwa hai, ukiita jina lile uani, wanaitika wote wawili, abee ya mtu mzima na abee ya mtoto, na kila mmoja anajua ameitwa nani kwa namna ulivyoita.

Basi nikamsemea yule mwali wosia, mjukuu wangu akauandika. Jina lenyewe siliweki hapa, lina wenyewe, nitaandika Fulani. Nilisema hivi: "Ewe Fulani, leo unatoka, shika nyumba yako kwa mikono miwili, moja ukiiacha itavuja. Jina hili umepewa, hukulinunua. Fulani aliyekuwa nalo kabla yako alipika kidogo na wakashiba wengi. Hakumfungia mtu mlango kwa sababu ya nguo zake. Sasa Fulani yuko mchangani, tumrehemu, tumwombee kaburi pana. Na wewe Fulani uliye hai, usimtie aibu." Siyo wote, ulikuwa mrefu, lakini hapo ndipo watu walipolia. Ukumbi mzima ulilia. Hata yule wa maikrofoni alishindwa, akampa mwenzake amalizie.

Ukiliza watu Temeke, kesho yake wanakuja kutaka walizwe tena. Akaja mama mmoja wa Chang'ombe, mwanamke mrefu, meno ya dhahabu, familia yao kubwa, ukienda msiba wao unadhani ni mkutano. Yeye alikuwa shangazi wa bibi harusi. Nilimwambia nitakaa na binti, nimwulizie mambo yake, nimtungie wa kwake. Akakataa. Anautaka ule ule. Akasema ule ule ubadilishwe majina tu: la bibi harusi, na la marehemu bibi yake, ambaye kwa huyu shangazi ni mama mzazi. Binti hakurithi jina la bibi. Alikuwa na jina la kisasa, mama yake aliliona kwenye gazeti. Nikamwambia basi neno la kurithi jina tutalitoa, akakubali. Yale mengine yabaki.

Akaenda dukani akamtajia mjukuu wangu majina mawili. Ilikuwa wiki ya harusi nyingi, kadi zimejaa mpaka chini ya meza, na mgao wa umeme juu. Mjukuu wangu aliandika maagizo mawili. La kwanza: jina la mwali wa zamani, weka la mwali mpya. La pili: jina la marehemu wa zamani, weka la marehemu mpya. Umeme ukarudi, akabonyeza, karatasi ikatoka nzuri, kingo za dhahabu, wakaja kuichukua wino bado mbichi.

Ukumbini nilikaa mstari wa mbele, nimevaa doti ambayo mwanangu alinipa Idi. Bibi harusi alikaa juu ya jukwaa kafunikwa, shangazi kasimama nyuma ya kiti chake. Mama wa maikrofoni akaanza, vizuri tu, Fulani shika nyumba yako, watu wanatikisa vichwa. Akafika pale. Akasoma, kwa ile sauti yao ya kuvuta: "Sasa Fulani yuko mchangani, tumrehemu, tumwombee kaburi pana." Na jina alilotaja lilikuwa la bibi harusi, huyo huyo aliyekaa mbele yake na maua mkononi.

Kuna wazee ambao, ukitaja maiti, mikono inainuka yenyewe. Nyuma kule mmoja akaitikia amini. Bibi harusi akajifunua, akatutazama kama mtu aliyeamshwa. Shangazi akaipokonya ile karatasi, akapekua kwa macho kutafuta jina la mama yake. Halikuwemo. Hakuna hata mara moja. Mama yake kafutika na mtoto wa kaka yake kazikwa, kwenye karatasi ya kingo za dhahabu. Akaketi chini pale pale jukwaani, na sahani za kuku zikapita hewani zikirudishwa jikoni.

Nilisimama. Nikapanda jukwaani, nikamshika bibi harusi mikono yote miwili, nikamwomba radhi kwa mshtuko mbele ya wote, nikamtolea wosia wake kwa mdomo, mfupi, nikimwita jina lake hai, hai, hai. Akacheka na machozi. Kwa binti yule mambo yaliishia hapo. Kwa shangazi ndiyo yalianza.

Mjukuu wangu alikuja kwangu uso umevimba. Nilimwambia twende dukani ukanionyeshe. Akafunua kile kitambaa, akawasha, tukakaa mpaka ikaamka, akanionyesha wosia wa kwanza kwenye kioo. Kila mahali palipokuwa na lile jina akaweka kidole. Hapa ni mwali. Hapa ni bibi. Hapa bibi. Hapa mwali. Jina ni lile lile.

"Mashine haijui aliye hai na aliyekufa, bibi," akaniambia. "Inaona herufi. Niliiambia jina hili weka la mwali mpya, kila mahali. Ikabadilisha wote wawili. Halafu nikaiambia tena, jina hili weka la marehemu mpya. Ikatafuta, halipo tena, lote lishaondoka."

Nikamwuliza, sasa ilipokosa mbona haikusema?

"Haisemi. Isipokuta kitu inanyamaza, inakwambia kazi imekwisha."

Nikafikiri, nimewahi kuolewa na mtu wa namna hiyo. Nikamwambia, akacheka kidogo, cheko la kwanza tangu siku ile ya ukumbini. Kisha akanionyesha alichokuwa amekwisha kukifanya kabla hata hajaja kwangu. Alikuwa ametoa majina yote kwenye ule wosia. Palipokuwa na mwali akaweka alama ya dola na neno mwali. Palipokuwa na bibi akaweka alama ya dola na neno marehemu. Sasa ukileta majina, kila moja lina nafasi yake, hayawezi kulana. Na akaongeza agizo jingine: likibaki pengo halijajazwa, mashine igome kuchapa. Msichana mwenzake wa pale akachungulia, akasema wosia wa bibi umeingia dola, shilingi imeshindwa kazi. Nikamwambia aendelee na fotokopi zake.

Kwa hiyo kosa nilikuwa nimeshaliona kwa macho yangu, na dawa yake nimeiona, wakati maneno ya mtaani yanafika. Na yalifika mengine kabisa. Yalisema mjukuu wangu alifanya makusudi. Kwamba bwana harusi yule alikuwa akishinda kwenye dirisha la duka, anafotokopi kitambulisho kile kile kila siku, anamtaka mjukuu wangu, na yeye kwa wivu akamwandika mwenzake na maiti ili ndoa iingie mkosi. Sehemu moja ni kweli. Alimtaka. Mjukuu wangu hakumtaka, na mie nilikuwepo nikisubiri karatasi zangu alipomwambia hivyo, na kijana akaondoka bila hata chenji yake. Lakini mtaani hawakuhitaji ukweli wote, walichukua nusu yake wakaipika.

Ijumaa moja baada ya sala wakaja barazani kwangu. Shangazi na wanawake wa kwao. Mzee wa duka. Na mwanangu, baba wa huyu binti, nikaona amekuja nao, siyo amekuja kwangu. Mjukuu wangu nilimkalisha karibu yangu kwenye mkeka. Alikuwa amechapa ule wosia upya, sahihi, jina la mama wa shangazi limo pale penye rehema. Akaushika kwa mikono miwili akamnyooshea shangazi. "Shikamoo shangazi. Naomba uupokee." Shangazi hakuitikia na hakuugusa. Karatasi ikabaki mkekani, na hakuna aliyeiinamia.

Akasema aliyokuja nayo. Hakutaka kuambiwa habari za mashine, mashine haina wivu, mtu ndiye mwenye wivu. Alitaka mawili. Kwanza, binti aondolewe kwenye kile kiti, asichapie tena watu wa Temeke. Pili, mie nisimame kwenye shughuli yao ya Jumapili, mbele ya wanawake wote, nitamke kwamba wosia ule siyo wangu, ni wa huyu binti peke yake, na yeye ndiye aliyeutia ubaya. Nikifanya hivyo, mie heshima yangu iko pale pale, wataendelea kuniita kama siku zote. Alilisema hilo kwa upole, kama mtu anayekupa kitu.

Mzee wa duka akakohoa. "Mama, mimi binti simchukii. Kazi anaijua. Lakini wateja wameanza kupita mbali. Ukisema wewe bibi yake atoke, nitamtoa kwa heshima, hatalalamika. Nisaidie neno."

Neno alilitaka litoke kwangu, mikono yake ibaki safi. Nilimtazama mpaka akatazama viatu vyake.

Mwanangu naye akaanza kunibembeleza kwa sauti ya chini, ile sauti aliyokuwa akinililia nayo sukari utotoni. Sema tu yaishe, mama. Ni neno tu. Mtoto ataolewa, ataacha haya mambo, na wewe utabaki na watu wako. Nikamwuliza kama anaamini mwanawe alimwandikia mtu kifo. Akasema haamini. Nikamwuliza sasa unataka mie niseme nini. Akasema, niseme tu.

Nilijua ninachokipoteza. Mwanamke anayeitwa harusini anakula vizuri, anakaa mbele, anajua siri za nyumba zote kuanzia Mtoni mpaka Chang'ombe, na watoto wanamwachia kiti. Ukiacha kuitwa, unakuwa kizee kama vizee wengine, unapeta mchele mlangoni na kuhesabiwa miaka. Nilikipenda kiti changu cha mbele. Bado nakipenda. Lakini maneno yale yalitoka kinywani mwangu, yakaingia mikononi mwa huyu mtoto, na hapo katikati hapakuwa na ubaya wa mtu. Palikuwa na haraka, na mgao wa umeme, na familia iliyotaka machozi ya wenzao yabadilishwe jina tu. Eti nikawaoshe mikono yao kwa uso wa mjukuu wangu. Na huyu siyo mtoto aliyekosa akajificha. Alilitafuta kosa mwenyewe, akaliziba mwenyewe, akaja hapa kuamkia watu wasioitikia.

Alikuwa ameinama, kucha zinachimba mkeka. Nikamwambia inua kichwa, mke mwenzangu. Akainua.

Nikamgeukia shangazi. Nikamwambia, "Hatoki. Kiti kile ni chake, wosia ni wangu, na mie simkani."

Wale wanawake wakaguna. Mwanangu akashika kichwa. Mzee wa duka akaanza kusema mama, mama, fikiri kwanza, nikamwambia nimefikiri tangu kabla yeye hajajua Temeke iko upande gani. Shangazi akavuta kanga yake begani polepole, akainuka, akasimama juu yangu na meno yake yale.

"Bibi, nakuuliza mara ya mwisho, na hawa wote wanasikia. Ukimkumbatia huyu, hakuna mlango wa kwetu utakaokuita tena, harusi wala msiba. Na kwetu ni wengi, unatujua. Unasemaje?"

Sikuinuka. Magoti yalikuwa yanauma, na sikuona sababu ya kuyasumbua. Nilimwangalia kutokea pale chini mkekani, mjukuu wangu ubavuni, nikamjibu kwa sauti ile ile, wala sikupandisha.

"Hatoki. Kiti kile ni chake, wosia ni wangu, na mie simkani."